Tuwarudishie Watu Matanga Yao

Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa dini na wazee wa mitaa, Nairobi. Wengi walikuwa zamu siku hiyo, wakaomba waandikiwe yote yaliyosemwa. Haya hapa.

Hamjambo nyote? Mashehe, wachungaji, wazee wa mitaa, walimu, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliokuja moja kwa moja kutoka mitaani na mikoba yenu begani: asanteni kwa kufika. Itifaki tuichukulie imezingatiwa, maana najua wengine wenu mna nyumba za kuzuru kabla giza halijaingia.

Nimeombwa nizungumzie afya ya akili wakati wa mkurupuko wa magonjwa na baada yake. Nikisema mkurupuko, korona imo. Kipindupindu kinachoturudia kila maji yakichafuka kimo. Mpox nayo imo, ule ugonjwa wa malengelenge na vidonda vya ngozi, ambao ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza Julai 2024, kule Taveta mpakani. Na mengine yatakuja. Kila ugonjwa unapoingia, tunajua la kufanya kuhusu mwili: maji safi, sabuni, dawa, chanjo. Je, tunajua la kufanya kuhusu moyo wa mtu?

Nitasema jambo moja leo, na nitalirudia. Ugonjwa wa kuambukiza unatuumiza kwa namna ambayo njaa na mafuriko havituumizi. Mafuriko yakibomoa nyumba, majirani hukimbia kuja. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, majirani hukimbia kwenda. Unatunyang'anya zile njia zenyewe tunazotumia kufarijiana: kushikana mikono, kuzuru mgonjwa, kukesha matangani, kuketi kitanda kimoja na mwenye huzuni bila kusema lolote. Basi kazi yetu ya kwanza ni kuwarudishia watu walichonyang'anywa. Tuwarudishie! Hilo ndilo neno langu.

Nianze na kifo, kwa sababu hapo ndipo tulipoumia zaidi, na hapo ndipo tumenyamaza zaidi.

Mnakumbuka Machi 2020? Tarehe 13 tukatangaziwa mgonjwa wa kwanza. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka, hakuna kuingia. Na mazishini, watu 15. Niambieni nyinyi, ni ukoo gani hapa ulio na watu 15? Ukihesabu ndugu wa marehemu, wajomba na mashangazi, hujafika hata kwa majirani, na 15 wameshapita. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Mwaka ule tulifiwa wengi, lakini kila mmoja alifiwa peke yake.

Kuna mama mmoja wa Umoja, nitasema habari zake kwa idhini yake bila kumtaja. Mumewe alifariki Juni 2020. Yeye mwenyewe alikuwa ametengwa, akisubiri majibu ya kipimo. Mwili ukasafirishwa hadi nyumbani Busia kwa kibali, ukazikwa asubuhi hiyo hiyo ulipofika. Mama aliyafuata mazishi kwa simu. Shemeji yake alikuwa ameishika simu juu, mtandao ukawa unakatika, na picha ikakwama kwenye mgongo wa mtu aliyevaa mavazi meupe ya kujikinga. Iliporudi, udongo ulikuwa umeshajaa. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake ya mazishi ya mume waliyeishi pamoja tangu ujana: mgongo wa mtu asiyemjua.

Alitufikia miaka miwili baadaye. Hakuja akisema ana huzuni. Alikuja na kichwa kinachouma, kifua kinachobana, usingizi umekata. Alikuwa amezunguka kliniki, presha imepimwa, malaria imepimwa, kila mahali anaambiwa hana kitu. Mhudumu mmoja wenu, na yuko humu ndani, ndiye aliyeziona simu mbili mezani, zote zikichajiwa. Akauliza, hii nyingine ya nani? Ya marehemu. Mama alikuwa akiichaji kila usiku, na mara kwa mara akiiwekea salio la shilingi ishirini ili laini isifungwe.

Tufanye nini na mama kama huyo? Tumpe vidonge vya usingizi? Wapo wanaohitaji dawa, nami siwezi kuwanyima haki yao. Lakini huyu alihitaji matanga. Tulizungumza na padre wake, tukawapigia shemeji zake, wakapanga Jumamosi. Watu wakaja kutoka Busia kwa basi la usiku. Viti vikaazimwa kanisani, sufuria zikatoka kwa chama chake cha akina mama. Watu wakamsimulia marehemu, ukali wake, ucheshi wake, deni alilomlipia jirani kimyakimya. Wakala, wakaimba, na mama akalia kwa sauti, mbele za watu, na watu wakalia naye. Sisemi alipona siku hiyo. Aliendelea kuja kwetu kwa muda, na bado kuna siku ngumu. Lakini maumivu ya kichwa yakapungua, na baadaye ile laini akaiacha ijifunge yenyewe.

Kuna wangapi kama yeye katika mitaa yenu? Huzuni ambayo haikupewa nafasi ni kidonda kilichofungwa bandeji na usaha ukiwa ndani. Kwa nje pamekauka, ndani panaoza.

Na kinachoniuma ni kwamba hatukulazimika kwenda mbali hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaeleza Machi 2020 kwamba waliofariki kwa korona wasizikwe kwa pupa, na kwamba familia inaweza kumwona mpendwa wao mradi wasimguse. Tazameni pia ndugu zetu wa Liberia, Sierra Leone na Guinea, walioondokewa na watu zaidi ya 11,000 kwa Ebola kuanzia 2014. Maiti ya Ebola huambukiza kwelikweli, hakuna mzaha hapo. Mwanzoni makundi ya mazishi yalikuja, yakachukua mwili, yakaondoka, na watu wakaanza kuwaficha wagonjwa na kuzika usiku kwa siri. Mwishoni mwa 2014 utaratibu ukabadilishwa: familia ishirikishwe, kiongozi wa dini awepo, dua isomwe, kaburi liwe na jina. Usalama ukabaki, heshima ikarudi. Sasa nawauliza, kama iliwezekana kwa Ebola, kwa nini isiwezekane kwa lolote litakalotujia?

Viongozi wa dini, hapa nawatazama nyinyi. Mkurupuko ujao ukifika, msingoje kuitwa. Nendeni kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo yenu mapema, mkakubaliane nani atasoma dua, atasimama umbali gani, familia itaaga vipi. Mkikubaliana kabla ya kifo cha kwanza, hamtakosana siku ya kifo.

Sasa nije kwenye jambo la aibu. Jambo la mtu kutengwa.

Mnaijua Mathari. Hospitali yetu ya taifa ya magonjwa ya akili, pale Barabara ya Thika. Lakini wangapi wanajua ilivyoanza? Ilianza kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kisha mwaka 1910 ikageuzwa kuwa nyumba ya walioitwa wendawazimu. Mahali pale pale! Mji huu, tangu ukiwa mchanga, mwenye ugonjwa wa kuambukiza na mwenye ugonjwa wa akili umewaweka sehemu moja: kando. Na jina la Mathari likawa tusi midomoni mwetu. Hata leo mtoto akikosea, mzazi humwambia, nitakupeleka Mathari.

Mwaka 2020 tukarudia yale yale. Waliokamatwa wakivunja kafyu walipelekwa karantini. Fikirieni hilo kidogo. Mahali pa kuokoa watu tukapafanya mahali pa adhabu, na miezi ya kwanza mtu alitozwa pesa kwa kukaa huko. Halafu tukashangaa watu wanaruka ukuta! Tukashangaa mtu anakohoa usiku kucha na hataki kupimwa! Woga ule haukuwa ujinga. Watu waliona wanachofanyiwa wenzao, wakajikinga kwa njia waliyoijua.

Inaweza kufanywa vingine. Kule Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, Ebola ilipoingia 2018 palijengwa vyumba vya plastiki inayoonyesha hadi ng'ambo. Mgonjwa yuko ndani, mama yake yuko nje, wanaonana uso kwa uso, wanazungumza. Na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa walilelewa na watu waliopona Ebola, kwa kuwa wao walikuwa na kinga. Hebu lioneni hilo: mtu aliyekuwa anakimbiwa jana, leo anapewa mtoto wa mwenzake ambebe. Kwangu mimi hiyo ndiyo tiba ya aibu kuliko mabango elfu.

Hapa kwetu nina kijana wa boda boda wa Mukuru, aliyeugua mpox. Alilazwa, akapona, magamba ya vidonda yakaanguka, ngozi mpya ikaota. Mpox ikifika hapo, mtu haambukizi tena. Karatasi ya hospitali anayo mfukoni. Lakini aliporudi kwenye ploti, alikuta ndoo yake imetolewa kwenye foleni ya mfereji. Msimamizi wa ploti akamwambia atafute nyumba kwingine mwisho wa mwezi. Watoto wakawa wanamwita kwa jina la ugonjwa. Alijifungia. Hakuwasha hata redio.

Mhudumu wa eneo hilo, mama wa makamo, hakuitisha mkutano wala hakubandika karatasi ukutani. Alikuja asubuhi na thamosi yake ya chai, akaweka kigoda mlangoni mwa kijana, pale ushorobani ambapo kila mtu lazima apite akienda mferejini. Akaomba kikombe cha kijana. Kikombe cha kijana, si chake! Akamimina, akanywa, polepole, huku akiwasalimu wapita njia kwa majina yao. Aliyeuliza akajibiwa: vidonda vimekauka, ngozi imeota, daktari ameandika, huyu hana cha kukuambukiza. Akafanya hivyo asubuhi kadhaa. Msimamizi wa ploti hakuomba msamaha, lakini habari ya kuhama hakuitaja tena. Na mteja wake wa zamani akampigia amchukue stejini. Kijana aliniambia kwamba simu ile ya mteja ndiyo iliyomtoa kitandani.

Huyu mama hakusomea saikolojia. Lakini alijua kilichokuwa kimenyang'anywa, akakirudisha. Akakirudisha mbele ya watu wote, maana kilinyang'anywa mbele ya watu wote.

Kuna wanaoniambia, sisi si madaktari wa akili, tutafanya nini? Nina jibu, na linatoka hapa hapa Nairobi. Shirika la Afya Duniani liliandaa mpango wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, wa kumsaidia mtu aliyelemewa: kupumua polepole ili kutuliza mwili, kulipanga tatizo moja linalowezekana na kulitatua, kuanza tena shughuli ndogondogo alizoziacha, na kuwasogelea watu wanaomjali. Ulijaribiwa pembezoni mwa jiji letu kwa wanawake zaidi ya 400, na matokeo yakachapishwa 2017. Walioendesha vikao walikuwa wahudumu wa jamii, watu kama nyinyi, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Na wanawake wale walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Kwa hivyo msiniambie hamwezi. Imeshafanyika, na waliofanya ni nyinyi.

Lakini hata kabla ya vikao vitano kuna huduma ya kwanza, na hii nataka kila mmoja aondoke nayo: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama: nani hapa yuko hatarini, nani hali chakula, nani halali usingizi? Sikiliza: keti chini pamoja na mtu, usisimame mlangoni na fomu. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Akitaka atasema, asipotaka kaeni kimya pamoja. Na tafadhali, usimwambie kwamba ni mapenzi ya Mungu kabla hujamsikia. Akilisema yeye mwenyewe, ni faraja. Ukilisema wewe kwanza, umemfunga mdomo.

Kisha unganisha, na hapa ndipo wengi wetu tunapochoka mapema. Mama asiye na unga hatakusikiliza ukimfundisha kupumua. Mtafutie unga kwanza. Muunganishe na chama, na kanisa, na msikiti, na mzee wa mtaa, na shule ya mtoto. Watoto nao tusiwasahau: shule zilifungwa Machi 2020 na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mtoto hatakuambia nina wasiwasi. Ataanza kukojoa kitandani, au kupigana, au kunyamaza. Walimu, hayo mnayaona nyinyi kabla ya mzazi.

Wapo pia waliokuwa wagonjwa tangu kabla ya mkurupuko: wa kifafa, wa magonjwa ya akili wanaotumia dawa kila siku. Njia zikifungwa, dawa zao hukatika, na nani huwakumbuka? Waandikeni majina leo, kabla ya dharura, mjue kila mmoja anatumia dawa gani na anaichukua wapi.

Na mtu akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zamani familia ziliogopa kusema kwa sababu aliyejaribu kujiua alikuwa anashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Waambieni watu! Wengi bado hawajui, na bado wanaficha.

Sasa nyinyi wenyewe. Nani anawasikiliza nyinyi?

Serikali iliwazindua mwaka 2023, wahudumu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na nyumba zake 100 hivi. Mnabeba mashine ya presha, mnabeba mizani, na mnabeba siri za nyumba mia. Mmoja wenu alinieleza jinsi wakati wa korona alivyokuwa akiwafuatilia waliokaribiana na wagonjwa. Alimwagiwa maji machafu kutoka orofa ya juu. Akaenda nyumbani, akafua nguo usiku, akarudi kesho yake mtaa ule ule. Hakumwambia mtu, hata mkewe, kwa sababu mkewe angemkataza kwenda. Mpaka leo, simu ikilia usiku, mikono inamtetemeka.

Hilo si jambo la mtu kujikaza. Wasimamizi, nawaomba mbele ya hawa wote: mkikutana nao, muulizeni mtu hali yake kabla ya kuuliza ripoti yake. Watumeni wawili wawili kwenye mitaa yenye hasira. Posho zao zilipwe kwa wakati, maana kuchelewesha posho ya mtu anayewafariji wengine ni kumvunja moyo kwa mkono wako. Na aliyezika wake apewe ruhusa ya kwenda kulia. Tumewahi kuwa na mtu anayetoka kumzika mama yake Ijumaa na kupangiwa nyumba Jumatatu. Hapana. Hapana kabisa.

Jambo la mwisho ni muda. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Mahema yakakunjwa, fedha zikaondoka, watu wa miradi wakaondoka. Lakini aliyefiwa hakutangaziwa kwamba kufiwa kwake kumekwisha. Ukimwi ulipotangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, vikundi vya watu wanaoishi na virusi viliendelea kukutana mwaka baada ya mwaka, chini ya miti na kwenye kumbi za kanisa, na ndivyo wengi walivyopata nguvu ya kumeza dawa na kusimama hadharani. Havikungoja dharura. Vikundi vyetu vya waliofiwa na korona viko wapi? Vya waliopona kipindupindu na kupoteza watoto katika nyumba hiyo hiyo, viko wapi?

Basi tufanye hivi sasa hivi, tusingoje mradi. Kila mtaa una meza yake hapo nyuma, na kuna daftari. Keti na mzee wako wa mtaa, na mchungaji wako au shehe wako, muandike nyumba mnazozijua ambazo zilizika 2020 na 2021 bila matanga. Mwandike nani atazizuru, na lini. Msiandike zaidi ya mnazoweza kuzifikia mwezi huu. Familia ikitaka ibada au khitma, tuambieni, viti na sufuria tutatafuta pamoja. Ikisema haitaki, iheshimiwe, na mlango uachwe wazi.

Namba zimebandikwa ukutani, zinakilini simuni: 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, kwa ushauri nasaha, 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa dhuluma za nyumbani. Watu wa Embakasi meza yenu ni ile ya dirishani. Kariobangi na Korogocho, mlangoni. Asanteni sana, na tuanze kuandika.